Sindano ya Pili

Mtu akikaa na kazi moja miaka thelathini na moja, kazi humpa jina, hata kama wazazi walikwishampa lingine. Wengine hospitalini waliitwa kwa majina yao, mchukua damu huyu akaitwa Sindano Moja, na jina likamkaa kama kofia ya kupimiwa. Alikuwa mrefu, mkavu, mabega yameinama kwa kuinamia vitanda vya watu, na hapakuwa na mgonjwa aliyewahi kusema kwamba mzee yule alimchoma mara mbili. Wauguzi wakihangaika na mtoto mnene asiye na mshipa hata wa kusingizia, walimwita. Wakishindwa na bibi ambaye mishipa yake imejificha kama panya walioona paka, walimwita. Naye alikuja polepole, akafunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa kwa kidole huku akitazama dirishani kama anayesikiliza habari za mbali, kisha akachoma. Damu ikatoka.

"Mimi sipigi ramli," alikuwa akisema. "Mshipa na mimi tunafahamiana."

Lakini sifa ni mzigo, na mwenye sifa huubeba hata pale njia isipopitika. Kwa kawaida Sindano Moja alihitaji damu ya vichupa viwili. Kimoja kina kifuniko cha zambarau, na ndani yake mna dawa ya kuzuia damu isigande. Kingine kina kifuniko chekundu, nacho hakina dawa hiyo. Ikitokea mshipa umekauka njiani, damu imetosha kichupa kimoja na nusu tu, mtu mwingine angeomba radhi na kuchoma mkono wa pili. Sindano Moja hakuomba radhi. Alikwenda kwenye meza ya kona, akawapa watu mgongo, akafungua cha zambarau na kumimina kidogo kwenye chekundu mpaka damu ikafika mstarini. Damu ya mtu mmoja, mkono mmoja, dakika moja. Tofauti itoke wapi?

Tofauti ilitoka kwenye dawa. Dawa ile ya zambarau ni chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kuikamata kalsiamu ya damu. Ukiichanganya na damu ya kichupa chekundu, mashine husoma potasiamu imepanda hadi darini na kalsiamu imetoweka. Karatasi itasema moyo wa mtu huyu unakaribia kusimama, na mtu mwenyewe yuko kitandani anagombania blanketi na jirani.

Aliyeligundua jambo hili hakuwa mkaguzi wala daktari. Alikuwa binti yake wa kumzaa.

Binti alikuwa na mwaka wa tatu maabara. Wenzake walimwita Darubini, kwa kuwa hakipiti kitu machoni pake. Baba yake alimwita Mama, kwanza kwa sababu alirithi jina la bibi yake, pili kwa sababu tangu mama mzazi wa binti afariki, yeye ndiye aliyekuwa akitoa amri nyumbani. Waliishi wawili, vyumba viwili na sebule, na jiko la mkaa uani.

Jumapili moja, baada ya kuosha vyombo, binti alikaa mbele ya baba yake na kufuta mikono kwenye kanga.

"Baba, nina neno. Usinikatize."

"Ukianza hivyo najua nimekosa."

"Vichupa vyako. Vyekundu. Nimetupa kumi na viwili tangu mwaka uanze."

Mzee aliweka kikombe chini. "Umetupa damu yangu?"

"Si damu yako, ni ya wagonjwa. Potasiamu iko juu ya mti, kalsiamu haipo. Unamimina kutoka kwenye zambarau, Baba. Nikiona hivyo naandika sampuli haifai, warudie. Sijamwambia mtu. Mkuu wangu akijua, utaondoka kwa aibu na umebakiza miezi saba ustaafu."

Sindano Moja hakukataa. Hilo ndilo lililomuuma binti zaidi, kwamba hakukataa. Alitazama vidole vyake, akavikunja, akavikunjua.

"Nani alikufundisha kufunga mpira?"

"Wewe."

"Nani alikuonyesha mshipa wa kwanza?"

"Wewe, Baba. Kwenye mkono wako mwenyewe."

"Basi yai lisimfundishe kuku kutaga."

"Kuku akitaga yai viza, nani amwambie?"

Mzee aliinuka, akachukua redio yake akaenda uani. Kuanzia hapo nyumba ikawa na baridi. Walisalimiana asubuhi, walisalimiana jioni, na katikati ya salamu hapakuwa na neno.

Lakini mtu hujulikana kwa anachofanya mgongoni mwako. Jumatatu, Sindano Moja alitumwa kumtoa damu mlinzi wa getini, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu, aliyelazwa siku moja kwa homa. Mshipa ukakauka. Mzee alikwenda kwenye meza yake ya kona. Alifungua kifuniko cha zambarau. Akasimama hapo kwa muda wa mtu kukariri sala fupi. Kisha akakifunga, akarudi kitandani, akasema kwa sauti ya chini, "Nipe mkono wa pili."

"Wa pili?" Mlinzi alijiinua juu ya mto. "Jamani, njooni mshuhudie. Sindano Moja amekuwa Sindano Mbili."

Wodi nzima ikacheka. Mzee alichoma, akajaza, akaondoka masikio yakimwaka moto. Jumanne alichoma mara mbili tena, mtu mwingine. Jumatano hapakuwa na haja. Kila jioni alirudi nyumbani akingoja binti amwambie, "Baba, vichupa vyako sasa ni safi." Aliingoja kauli hiyo kama mtoto anayengoja kusifiwa hesabu. Kusema mwenyewe hakuweza. Mwanamume wa miaka hamsini na tisa aanzie wapi? Binti naye hakugundua, kwani siku tatu si mwezi. Alidhani mishipa tu imekuwa mizuri wiki hiyo.

Alhamisi asubuhi, katika wodi ya wanawake, kitanda cha nne, alilazwa fundi cherehani ambaye watu walimwita Mama Vifungo. Makoti ya hospitali nusu yake yalipita mikononi mwake, na hakuna aliyemwona bila kopo lake la vifungo. Figo zake zilikuwa na ugonjwa wa muda mrefu. Alfajiri ile mumewe, fundi mwashi, alimleta kwa mkokoteni, kwa kuwa miguu ilikataa kusimama.

Daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimpima, akakunja uso, akamwambia muuguzi, "Nahofia potasiamu. Mtoeni damu sasa hivi. Mimi naingia chumba cha upasuaji, kuna mama ananisubiri. Majibu yakija yako juu, niiteni hata kama nimeshika kisu. Siwezi kumpa dawa ya kuishusha bila kujua. Ikiwa haiko juu, dawa yenyewe itamwua."

Sindano Moja akaja. Akafunga mpira, akapapasa, akatazama dirishani. Mkono wa kulia ulitoa damu ya kutosha kichupa cha zambarau, ikabaki matone, ikakata. Vidole vyake, vyenyewe, bila kumwuliza, vilishika kifuniko. Miaka thelathini na moja ni mingi. Akaviangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Mama," alisema, "naomba radhi. Nitakuchoma tena, mkono wa kushoto."

Mumewe aliyekaa pembeni aliinua kichwa. Mama Vifungo akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Usijali, mzee. Na mimi hukosa tundu la sindano, tena sindano ya kwangu haina damu."

"Usikunje ngumi. Legeza tu. Ngumi nayo hudanganya majibu."

Alilegeza mpira mara damu ilipoanza kuja. Ikaja taratibu, nyeusi, nzima. Kichupa chekundu kilijaa mpaka mstarini, bila tone la kuazima. Kwa miaka mingi Sindano Moja hakuwahi kutoa damu safi kama ile. Alibandika plasta ya pili, akaandika jina kwenye kichupa mbele ya kitanda, na akakipeleka maabara yeye mwenyewe.

Maabara hupokea vichupa kupitia kidirisha kidogo ukutani. Nyuma ya kioo alikuwa binti yake. Walitazamana. Hapo ndipo palipohitajika neno, na neno lenyewe lilikuwa fupi: sikumimina. Nyuma ya mzee kulikuwa na watu wawili kwenye foleni. Ndani, nyuma ya binti, alikuwa mkuu wake.

"Wodi ya wanawake," mzee alisema. "Ya haraka."

"Weka hapo."

Akaweka. Akaondoka.

Saa tatu kasorobo mashine ilitoa jibu: potasiamu, saba nukta tisa. Ya mtu mzima mwenye afya haifiki tano na nusu. Siku nyingine binti angetazama kalsiamu. Kama kalsiamu ingekuwa imetoweka, angejua ni kumimina. Kama ingekuwepo, angejua ni ugonjwa. Lakini dawa ya kupimia kalsiamu ilikuwa imekwisha tangu Jumatatu, na kwenye rafu palibaki kisanduku kitupu. Kilichokuwepo ni namba moja na herufi za mwandiko wa baba yake kwenye kichupa.

Amenikomoa, alifikiri. Nimemwambia Jumapili, Alhamisi ananifanyia tena. Mkaidi kama punda.

Alipaswa kupiga simu wodini. Simu ilikuwa mezani kwa mkuu wake, na kuipiga maana yake mkuu ausikie mjadala wote. Akachukua kalamu, akaandika kwenye fomu kwa mkono ambao baba yake alimfundisha kuandikia: Sampuli haifai. Rudia. Karatasi ikaingia kwenye sinia pamoja na nyingine, ikasubiri mpelekaji.

Ilifika wodini saa nne na dakika ishirini. Muuguzi akaisoma, akamtafuta Sindano Moja, akampata wodi ya watoto.

"Mzee, damu ya kitanda cha nne imekataliwa."

"Ipi?"

"Ya Mama Vifungo. Haifai, wanasema."

Mzee aliisoma karatasi mara mbili. Aliujua mwandiko. Kwanza alishikwa na hasira, halafu hasira ikamtoka yote kwa mara moja, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, kwa kuwa alielewa. Alitembea haraka kuliko magoti yake yalivyopenda.

Mama Vifungo alikuwa amelala chali, midomo imekauka.

"Umerudi, mzee. Miguu yangu imejaa mchanga. Sasa na mikono."

"Mwiteni daktari," Sindano Moja alimwambia muuguzi. "Mwambie potasiamu iko juu."

"Lakini karatasi inasema..."

"Mwite, mwanangu. Nenda."

Muuguzi alikimbia. Mzee alikuwa na mpira mkononi, ameuzungusha kwenye mkono wa kulia, hajafunga fundo. Alikuwa na kidole chake kwenye kiwiko cha ndani, pale ambapo mapigo husikika kwa anayejua kusikiliza, naye alijua. Mapigo yalikuja kwa kuachana. Yakaja mawili ya haraka. Kisha kidole chake kikawa kinagusa ngozi tu.

Mumewe alikuwa amekwenda kuchota maji. Alirudi na chupa, akawakuta watu wamejaa, daktari yuko juu ya kifua cha mkewe na kofia ya upasuaji bado iko kichwani. Walihangaika kwa dakika arobaini. Halafu walivuta shuka.

Ijumaa waliitwa ofisini kwa mganga mkuu: mzee, binti, daktari kijana, na mume wa marehemu, ambaye alikaa kwenye ncha ya kiti, vumbi la saruji kwenye nyayo. Mezani, ndani ya mfuko wa plastiki, kilikuwepo kichupa chekundu.

Mganga mkuu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimgeukia binti.

"Umeandika haifai. Nimekitazama hiki kichupa. Chembe za damu hazijapasuka, maji yake ya juu yako safi. Jina lipo. Kipimo kimejaa. Kilikuwa hakifai kwa nini?"

Binti alikitazama kichupa.

"Mashine imeweka kumbukumbu ya saba nukta tisa. Hukuandika. Hukupiga simu. Binti, mtu amekufa. Nieleze."

Sindano Moja alimtazama mwanawe. Jibu binti alikuwa nalo, la maneno matano: baba yangu humimina, nikadhani amemimina. Angelisema, angejiokoa nusu. Lakini alikuwa ameuma midomo, anatazama meza, na mzee akajua kwamba hatalisema leo wala kesho. Ataacha aitwe mzembe, anyang'anywe cheti, kuliko kumtaja. Yai lilikuwa limeamua kumfunika kuku.

"Ni mimi," mzee alisema. "Nilimimina."

"Ulimimina nini?"

"Damu ilikuwa haba. Nikachukua ya zambarau nikaongezea kwenye chekundu. Ni tabia yangu ya miaka. Huyu hujua akiona. Kwa hiyo alivyoandika ni sawa. Sampuli ilikuwa haifai."

Mume wa marehemu ndiye aliyesema kwanza, naye hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Lakini mzee, ulimchoma mara mbili. Ulimwomba radhi, nikiwepo. Ukamwambia asikunje ngumi."

Binti aliinua kichwa.

"Anasema kweli?" mganga mkuu aliuliza. "Mwili una plasta mbili. Kama ulichoma mara mbili, haja ya kumimina ni ya nini?"

"Ya kwanza nilikosa mshipa," Sindano Moja alijibu. "Ya pili ikatoa kidogo. Mkono umezeeka, mganga. Nilikosa."

Alilitamka neno hilo waziwazi, nilikosa, mbele ya watu, mtu ambaye hakuwahi kukosa. Hakumtazama binti. Hakuhitaji. Alisikia pumzi yake ikikatika. Kwani duniani alibaki mtu mmoja tu aliyejua kwamba baba yule hakosi mshipa, na kwamba akiwa anamimina hachomi mara ya pili. Plasta mbili zilikuwa na maana moja tu.

Mganga mkuu alishusha pumzi. Jambo lilikuwa limepata mwenyewe. Sindano Moja alipewa barua asubuhi ileile: asiguse mgonjwa tena, akae nyumbani hadi shauri liamuliwe. Kichupa kilirudishwa kwenye jokofu la maabara, kingoje dawa ya kalsiamu, ingawa hapakuwa tena na mtu mwenye haraka ya kukipima. Mume wa marehemu alitoka bila kumpa mzee mkono.

Nyumbani, binti alisimama mlangoni mwa sebule, koti la kazi bado mwilini, vifungo vyote vimefungwa mpaka juu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniulize."

"Pale dirishani, Baba. Neno moja."

"Na wewe ulikuwa nalo lako. Ungeuliza tu." Akapapasa goti lake. "Tusigawane kosa, Mama. Halitagawanyika sawa."

"Yule mwashi anaamini mkono wako ndio uliomwua mkewe."

"Na aamini. Mkono wangu umekwisha kazi. Wako una miaka thelathini mbele yake."

Usiku ule na siku zilizofuata binti alipika, akapakua, akala kidogo, akaenda kazini, akarudi. Akawa anapiga simu wodini kwa kila jibu, hata lililo sawa, mpaka wauguzi wakaanza kunung'unika. Wenzake wakamwonea huruma kwa baba aliyemponza.

Dawa ya kalsiamu ilifika baada ya siku kumi na moja. Damu iliyokaa muda huo wote hubadilika mengi. Potasiamu yake haiaminiki tena. Kalsiamu hukaa. Binti alikitoa kichupa kwenye jokofu, akakiweka mashinini wakati wa chakula cha mchana, mkuu wake akiwa ametoka. Kama mtu angekuwa amemimina, mashine isingeona kitu. Iliona. Ilikuwa chini kidogo, kama ya mgonjwa yeyote wa figo, lakini ilikuwepo. Aliiandika kwenye daftari, tarehe na jina lake kamili, kisha akachapisha karatasi.

Jioni aliiweka juu ya meza, karibu na redio. Baba aliisoma kwa kuisogeza mbali na macho.

"Hii ya nini? Ichome."

"Iko kwenye daftari tayari. Kesho naipeleka kwa mganga mkuu, halafu kwa yule mwashi."

"Watakufukuza."

"Najua."

"Na mama wa watu hatarudi."

"Hatarudi." Alivuta kiti akakaa. "Lakini Baba, ile ilikuwa damu safi kuliko zote ulizoniletea. Siwezi kuiacha iitwe haifai mara mbili."

Mzee alitafuta la kumzuia, akakosa. Na safari hii alikosa kweli.

Asubuhi binti alipofungua mlango, alimkuta baba yake amesimama nje tayari, amevaa shati lake la Ijumaa, kofia mkononi. Wakatembea pamoja hadi hospitalini. Getini, mlinzi alikuwa na daftari lake la wageni, kwa kuwa mtu aliyepewa barua ya kukaa nyumbani ni mgeni kama wengine. Alimtazama mzee, mdomo wake mrefu ukakosa mzaha.

"Niandike jina gani, mzee?"

"Lile ulilonipa wodini."

Mlinzi aliinamisha kichwa, akaandika taratibu, Sindano Mbili, akawafungulia.